Simu ya okazo ikikataa kufunguka kisha kupokea programu mupya

Kuna ulizo lenye linarudia kila mara tunapokutana, ikuwe Kasongo, ikuwe Lusangi ao Kabambare. Koperative ilinunua simu ya okazo, ikafanya kazi muzuri miezi kadhaa. Siku moja simu ikaomba kupokea programu mupya, muandikaji akakubali, ikazima na kuwaka tena. Tangu pale haipite tena ukurasa wa kwanza. Inaomba konti ya mutu mwenye hakuna anayemujua. Je, ile programu iliharibu simu?

Mara mingi jibu ni hapana. Simu ilikuwa na kufuli tangu siku mulipoinunua. Mutu fulani aliifunika ile kufuli ili simu iuzike, na programu mupya ikaifunua. Lakini haiko kila simu yenye kukwama iko na kufuli. Ingine imekosa rezo tu, na kuikimbiza kwa fundi ni kutupa franka za koperative bure. Kwa hiyo kabla ya kulipa mutu yeyote, mujue kwanza muko na ugonjwa gani.

Tuanze na pesa, juu ndiyo inatia watu woga. Pesa ya M-Pesa, ya Airtel Money ao ya Orange Money haikae ndani ya simu. Iko kwenye namba. Mutoe kadi ya SIM, muitie mu simu ndogo ya mabutoni, na muhazini ataendelea kupokea na kutuma kwa ile kode anayozoea. Kama kadi ni ya ile aina ndogo sana, ninyi mutafute adapta ya plastiki; inauzwa sokoni bei kidogo. WhatsApp nayo inafuata namba: mukipata simu ingine, itawatumia kode kwa SMS na mutaingia, hata kama mazungumuzo ya zamani yanaweza kupotea. Picha zenye ziliwekwa kwenye kadi ya memori mara mingi zinasomeka mu simu ingine. Kitu chenye kinaweza kupotea kabisa ni kile kiliandikwa mu simu peke yake: hesabu za magunia ya mupunga, majina ya wale walileta karanga, madeni. Ndiyo sababu sisi tunaendelea kusema kaye ya koperative isiachwe, hata kama simu ni ya bei kali.

Sasa tuangalie simu yenyewe. Musibonyeze ovyo-ovyo. Musome ile maneno iko kwenye ukurasa, na muyaandike kwenye karatasi sawa vile yako. Kama yameandikwa kwa luga yenye hamuielewe, ukurasa wa kwanza kabisa unaruhusu kuchagua Kifaransa, na simu nyingi siku hizi ziko na Kiswahili pia.

Kama inasema haiwezi kufikia seva, ao mujaribu tena kisha muda kidogo, hiyo haiko kufuli. Simu inapoamka kisha programu mupya, ao kisha kufutwa, inaweza kuomba kuongea na nyumba yake: Google kwa simu za Android, Apple kwa iPhone. Inatuma namba yake, inangoja jibu. Pale kwetu, mahali rezo inaonyesha tu ile herufi E, jibu linaweza kuchelewa mupaka simu inachoka na kusema imeshindwa. Mujaribu usiku sana ao alfajiri, wakati watu wengi hawako kwenye rezo. Mupande mahali munajua rezo inashika. Ao muwashe Wi-Fi kutoka simu ya mwenzenu na muiunganishe kwayo. Kujitambulisha hivi hakukule mega mingi. Kupakua programu ndiko kunakula. iPhone za zamani zingine hazikubali kuendelea bila kadi ya SIM ndani, basi muirudishe kwa hiyo dakika chache. Na mahali kuna ordinateri na intaneti, iPhone inaweza kufunguliwa kwa kamba.

Jambo lingine dogo lenye linasumbua watu siku nzima ni saa na tarehe. Batri ikikaa bila moto muda murefu, simu inaweza kusahau tarehe na kurudi miaka ya nyuma. Seva haikubali kuongea na simu yenye inafikiri bado tuko mwaka 2015, kwa sababu vyeti vyake vya usalama vinaonekana kama havijaanza. Muweke SIM yenye iko na rezo, na mara mingi tarehe inajirekebisha yenyewe. Kama mukiweka kwa mukono, mukumbuke kwamba Maniema haifuate saa ya Kinshasa: sisi tuko saa moja mbele yao. Na tena, musianze kazi hii na batri iko karibu kwisha. Mupeleke simu kwanza ikachajiwe, ijae.

Lakini kama ukurasa unasema simu hii iko na mwenyewe, na inaonyesha herufi chache za anwani ya mutu na vinundu-nundu, ao inasema muingize konti ya Google yenye ilikuwa inatumiwa mbele, basi hapo hakuna mulima wala rezo itasaidia. Hiyo ni kufuli.

Apple ilianza kuweka kufuli hii mwaka 2013, Google ikafuata mwaka 2015. Waliifanya kwa ajili ya wezi. Mbele ya hapo mwizi alikuwa anafuta simu yote, na ndani ya dakika tano inakuwa kama mupya, tayari kwa soko. Sasa hata ukiifuta kwa mabutoni, simu ikiamka inauliza: mwenye konti ni nani? Shida ni kwamba kufuli haijue kama wewe ni mwizi, ao ni mama wa koperative mwenye alilipa dola zake mchana mbele ya watu. Inajua tu neno la siri.

Mafundi wengine wanajua kupita pembeni ya ile kufuli kwa kutumia kasoro fulani ya programu. Simu inafunguka, inauzwa Bukavu, Uvira, Kalemie ao Kindu, inapanda pikipiki mupaka kwetu. Kufuli bado iko ndani. Programu mupya inapokuja inaziba ile kasoro, na simu ikifutwa tena, hata kwa bahati mbaya, inarudi kwenye lile ulizo. Android 15 iliongeza ukali: simu yenye ilipitishwa pembeni haikubali tena konti mupya wala kuingiza programu, mupaka ile konti ya kwanza ijulikane. Kwa hiyo fundi mwenye anawaambia "nitafungua leo" anaweza kusema kweli, lakini ni kweli ya leo. Na sisi hatupendi ile tabia ya kumuachia fundi simu pamoja na kadi ya SIM na kode ya M-Pesa. Kama simu lazima ilale kwake, kadi ilale kwa muhazini.

Mbele ya kumushitaki muuzaji, lakini, muangalie ndani ya nyumba yenu wenyewe. Tunaona koperative ambazo zilijifunga zenyewe. Simu ilifika mupya ama safi kabisa. Hakuna mwenye alikuwa na konti ya Google. Kijana mumoja mwenye kujua mambo ya simu akaingiza yake, kazi ikaendelea. Kisha kijana akaenda Salamabila kutafuta zahabu, ao akaoa na kuhamia Kindu. Kisha mwaka simu inafutwa, na anwani yenye inaombwa ni ya yule kijana. Hapo dawa haina bei: mumutafute, aingize anwani na neno la siri lake kwa mukono wake mwenyewe. Kwa simu mingi za Android, hata ile kode ya zamani ya kufungulia ukurasa inaweza kukubaliwa, basi muulize wote wenye walishika simu kama wanaikumbuka. Kama amesahau neno la siri, anaweza kulibadilisha kwa simu ingine, lakini kisha kubadilisha angoje siku moja nzima mbele ya kujaribu, juu Google inakataa neno lenye limebadilishwa saa hiyo-hiyo. Kwa iPhone iko rahisi zaidi: mwenye konti anaweza kuondoa simu kwenye konti yake akiwa mbali, hata akiwa Lubumbashi, kupitia intaneti. Asitume neno la siri kwa SMS. Hakuna haja.

Kama ni muuzaji ndiye yuko na jibu, murudi kwake haraka, na karatasi mukononi. Muuzaji muaminifu anaweza kumupigia yule alimuuzia. Mwenye hana neno lolote la kusema juu ya mahali simu ilitoka, pengine simu iliibiwa, na sheria ya inchi inamugusa pia mwenye kupokea kitu cha wizi. Apple yenyewe inaweza kuondoa kufuli kama mutu analeta fakture ya kwanza ya duka. Kwa simu yenye ilipita mikono tano, nani atakuwa nayo?

Kuna kufuli zingine mbili zenye watu wanachanganya na hii. Ya kwanza: simu inaamka na kusema ni mali ya kampuni ao shirika. Hiyo ilikuwa simu ya kazi, na ofisi ndiyo inaweza kuiachilia. Karibu na hiyo ni simu za mukopo. Kenya na Uganda watu wananunua simu kwa kulipa kidogo-kidogo kila siku, kupitia kampuni kama M-KOPA. Mutu akiacha kulipa, simu inafungwa kutoka mbali. Ikivuka mupaka na kuuzwa kwetu, deni linavuka pamoja nayo. Ya pili: simu inafunguka muzuri lakini inakataa kadi ya SIM, inasema haikubaliwi. Hiyo inatoka kwa kampuni ya rezo ya Ulaya ao Marekani yenye iliifunga kwa kadi zake tu, na kampuni ile ndiyo inaweza kuifungua.

Wengine wanatuambia: hii si ni ile kodi ya RAM? Hapana. RAM ilianza mwaka 2020, ilikuwa inakata inite kwenye namba, na ilifutwa mwaka 2022. Mwenye kuwaomba leo pesa ya RAM ili afungue simu yenu anawadanganya.

Kwa koperative yenye inajitayarisha kununua mu musimu huu, mambo yote haya yanaonekana mbele ya kulipa, kama muko na uvumilivu wa nusu saa hivi. Mwende kwa muuzaji na SIM yenu na mega kidogo. Mumuombe aingie mu Parametre, atoe konti yake, kisha afute simu yote kutoka palepale ndani ya Parametre, mbele ya macho yenu. Simu iamke, ninyi wenyewe mupite kurasa zote mupaka muone ukurasa wa mwanzo, mupige simu moja. Mubonyeze *#06#: namba ya tarakimu 15 inatokea, muilinganishe na ile iko kwenye karto kama karto iko, na muiandike kwenye karatasi ya mauzo pamoja na tarehe, bei, jina la muuzaji na mashahidi wawili. Muongeze kwamba simu ikijifunga ndani ya mwezi mumoja, ataipokea na kurudisha pesa. Muuzaji mwenye anasema kuifuta kunaharibu simu, ao hana muda, mumuachie simu yake.

Kisha mufungue konti ya Google kwa jina la koperative. Haiko ya prezida, haiko ya muandikaji, haiko ya mutoto wa muhazini. Anwani na neno la siri viandikwe kwa kalamu, viingie mu bahasha yenye kufungwa na gundi, bahasha iingie mu sanduku la pesa pamoja na kaye. Siku ya kuchagua komite mupya, bahasha inahesabiwa kama vile funguo za depo na mizani.

Na simu yenye imeshindikana? Ukurasa, batri na kamera yake bado viko na soko. Fundi wa Kasongo ananunua simu kama hizo kwa vipande, na pesa kidogo yenye inatoka irudi mu sanduku, na iandikwe kwenye kaye.