Sinema ya Wawindaji wa Kalahari

Labda, msomaji, umewahi kutazama sinema ya watu wawindao, ukasema moyoni, "Kumbe hivi ndivyo waishivyo!" Basi sikiliza habari za sinema moja mashuhuri.

Kaskazini-mashariki ya Namibia iko nyika kavu iitwayo Nyae Nyae. Wenyeji wake ni Wajuhoansi, ambao zamani waliishi kwa kuwinda na kuchuma matunda ya porini. Mwaka 1951 alifika kwao kijana Mmarekani, John Marshall, pamoja na wazazi wake na dada yake, naye alichukua mashine ya kupigia picha za sinema.

Mwaka 1957 ilitoka sinema yake, The Hunters. Ndani yake twaona wanaume wanne wakimfuata twiga aliyechomwa mshale. Sumu ya mshale hutoka katika buu la mdudu, wala haimwui mnyama mkubwa upesi. Kwa hiyo wawindaji hufuata nyayo siku kwa siku, wakisoma mchanga kama wewe usomavyo kitabu hiki. Mwisho twiga huanguka, na nyama hugawanywa.

Watazamaji walidhani kwamba ni mawindo ya safari moja. Sivyo: Marshall aliunganisha vipande vya safari mbalimbali, na baadaye alikiri mwenyewe. Tena, zaidi ya nusu ya chakula cha watu wale kilitoka katika mimea, na wachumaji wakuu walikuwa wanawake, wenye vijiti vyao vya kuchimbia. Lakini mwanamke aliyeinama akichimba mizizi hapendezi macho kama twiga akimbiaye. Hata mimi nilipoitazama nilimkodolea macho twiga tu.

Picha ya namna hiyo yaweza kudhuru. Katika miaka ya 1980, Wajuhoansi walipokuwa wamekwisha kupoteza sehemu kubwa ya nchi yao, serikali ya Afrika Kusini, iliyotawala huko, ilikusudia kuifanya Nyae Nyae hifadhi ya wanyama, kana kwamba wenyeji hawahitaji ila upinde. Wao walitaka visima na ng'ombe. Marshall, aliyekuwa amezuiwa kuingia nchini tangu 1958 hata 1978, alisimama upande wao, akawasaidia kupata maji, na shauri lile likaachwa. Sasa alipiga picha za watu wakigombana, wakilewa, wakingojea posho, wakilima. Sinema yake ya mwisho juu yao ilitoka mwaka 2002, miaka mitatu kabla ya kufa kwake, nayo haianguki twiga tu ndani yake: mna mikutano, mabomba ya maji na ndovu waharibuo visima.