Ridhaa ya Mtoto Haihesabiki

Msichana wa miaka 15 anapandishwa basi Singida asubuhi na mapema. Nauli imelipwa na mama mmoja wa Dar es Salaam ambaye hawajawahi kuonana, na katikati yao yupo dalali aliyekwishapokea chake. Wazazi wameridhia. Wameahidiwa kwamba binti atasaidia kazi za ndani kwa mwaka mmoja, kisha apelekwe kujifunza cherehani. Akifika, anaamka saa kumi na moja alfajiri na kulala baada ya watu wote kulala. Mshahara wa miezi ya kwanza haupati kwa kuwa unafidia nauli. Wa miezi inayofuata "unahifadhiwa" na dalali. Habari kama hii maofisa ustawi wa jamii wanaisikia mara kwa mara, majina na mikoa tu ndiyo inayobadilika.

Jirani akitoa taarifa polisi, utetezi unaotangulia huwa na sehemu tatu: binti alikuja kwa hiari yake, wazazi wake wanajua, na hakuna aliyemfungia mlango. Yote matatu yanaweza kuwa kweli tupu, na bado kosa la usafirishaji haramu wa binadamu likawa limetendeka.

Chanzo cha jambo hilo ni Itifaki ya Palermo, iliyopitishwa na Umoja wa Mataifa mwaka 2000. Kwa mtu mzima, itifaki inataka mambo matatu yathibitishwe. La kwanza ni tendo: kumtafuta mtu, kumsafirisha, kumhifadhi au kumpokea. La pili ni njia iliyotumika, kama vile nguvu, vitisho, ulaghai au kutumia vibaya unyonge wake. La tatu ni lengo la kumnyonya. Mhusika akiwa na umri chini ya miaka 18, jambo la pili linaondolewa kabisa. Mahakama haina haja ya kutafuta kamba, kipigo wala uongo. Inauliza mtoto alifanyiwa nini, na kwa kusudi gani.

Tanzania ililiingiza wazo hilo katika Sheria ya Kupambana na Usafirishaji Haramu wa Binadamu ya mwaka 2008, na ikaenda hatua moja mbele. Sheria inasema ridhaa ya mtoto, ya mzazi wake au ya mlezi wake haiwezi kuwa utetezi. Inataja pia kisingizio cha ajira na cha mafunzo, maana ndivyo watoto wengi wanavyoondolewa nyumbani. Kenya, katika sheria yake ya mwaka 2010, nayo haidai njia yoyote ithibitishwe pale aliyesafirishwa ni mtoto. Mzazi ana wajibu juu ya mwanawe. Hana mamlaka ya kumkabidhi kwa mtu atakayemtumikisha, hata kama njaa ndiyo iliyomsukuma.

Hapo wasomaji wengi watashtuka, na wana haki. Nani hajalelewa na shangazi, au hakusomeshwa na mjomba mjini huku akifagia uwanja na kuteka maji? Malezi ya ukoo yamewabeba watoto wengi wa Afrika Mashariki, na hakuna sheria inayoyaharamisha. Kinachotenganisha malezi na kosa ni lengo, na lengo halisomwi usoni mwa mtu. Linasomwa katika maisha ya kila siku ya mtoto.

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, inayotumika Tanzania Bara, inasaidia sana katika kulisoma. Inaruhusu kazi nyepesi kuanzia miaka 14, yaani kazi isiyomdhuru mtoto wala kumzuia kusoma. Kisha inataja dalili za kazi ya kinyonyaji: inayomnyima mtoto afya au makuzi, inayozidi saa sita kwa siku, isiyolingana na umri wake, au yenye malipo duni. Inakataza pia mtoto kuajiriwa kazi inayomlazimu kuwa kazini kati ya saa mbili usiku na saa kumi na mbili asubuhi. Ratiba ya yule binti wa Singida inavunja vipimo hivyo kabla hata mshahara haujazungumzwa.

Hata hivyo, kuzidisha saa peke yake hakumfanyi mwajiri awe msafirishaji. Sheria ya 2008 inataka kusudi zito zaidi: ukahaba, picha za ngono, kazi ya kulazimishwa, utumwa, au utumwa wa deni. Ndiyo maana nauli inastahili kuangaliwa kwa makini kuliko inavyoangaliwa sasa. Mtoto anayefanya kazi miezi kadhaa bila senti ili alipe nauli ambayo hakuiomba, na asiyeweza kuondoka kabla "deni" halijaisha, ameshaingia kwenye utumwa wa deni. Mpelelezi asipouliza habari za nauli, shauri linaweza kuishia kwenye kosa la kumwajiri mtoto, na dalali akaenda zake kutafuta mwingine.

Tofauti hiyo ni kubwa kwa adhabu. Aliyesafirishwa akiwa mtoto, sheria ya Tanzania inaliita kosa hilo usafirishaji uliokithiri, na kifungo chake ni kati ya miaka 10 na 20. Mtendaji akiwa mzazi, ndugu au mlezi, undugu huo haumpunguzii kitu. Nao umetajwa miongoni mwa mambo yanayolifanya kosa liwe zito. Kwa miaka mingi sheria iliacha mwanya wa kulipa faini badala ya kwenda jela, na kiwango cha chini kilikuwa shilingi milioni 5. Marekebisho ya mwaka 2022 yaliuziba. Ilikuwa aibu kwamba uliachwa wazi kwa muda wote huo.

Mwaka huohuo wa 2022, kipindi cha uchunguzi cha BBC Africa Eye kilionyesha watoto wenye ulemavu waliotolewa Tanzania na kuombeshwa katika barabara za Nairobi, huku fedha walizopewa na wapita njia zikiishia mikononi mwa wengine. Wengi waliokuwa wakiwapa sarafu waliamini wanatenda wema. Mkataba wa Afrika wa Haki na Ustawi wa Mtoto, wa mwaka 1990, ulikwishaliona hilo: ibara yake ya 29, inayozuia utekaji, uuzaji na usafirishaji wa watoto, inataja waziwazi kuwatumia watoto katika kuomba. Na sheria ya Kenya inaeleza kwamba aliyesafirishwa hashtakiwi kwa kuwamo nchini bila kibali. Kwa hiyo askari anayemkuta mtoto wa Kitanzania asiye na hati kwenye mataa ya Nairobi amekutana na mwathirika, na anapaswa kumtendea hivyo.

Kuuza mtoto ni kosa jingine, ingawa mara nyingi huchanganywa na hili. Itifaki ya ziada ya Mkataba wa Haki za Mtoto, nayo ya mwaka 2000, inahesabu kuwa mauzo tendo lolote la kumhamisha mtoto kwa malipo au kwa fadhila nyingine. Katika usafirishaji, si lazima bei itajwe.

Mashauri mengi yanafia kwenye ushahidi. Kinga yote hii inasimama juu ya umri, na watoto wengi wa vijijini hawana cheti cha kuzaliwa. Mahakama ya Rufani ya Tanzania imekwisha kueleza kwamba umri unaweza kuthibitishwa pia na mtoto mwenyewe, mzazi, ndugu au daktari, lakini lazima mtu asimame kizimbani aseme. Mzazi aliyepokea fedha za dalali hatasimama kwa moyo mweupe. Kuhusu mtoto asiyezidi miaka 14, marekebisho ya Sheria ya Ushahidi ya mwaka 2016 yanamruhusu kutoa ushahidi bila kiapo, mradi aahidi kusema kweli na kutosema uongo. Ahadi hiyo isipoandikwa kwenye mwenendo wa shauri, ushahidi wake unaweza kutupwa katika rufaa.

Wakati shauri likisuasua, familia ya mtoto na ya mwajiri zimekwisha kukaa, mshahara uliodaiwa umelipwa nusu, na mtoto amerudishwa kijijini. Wenyewe wanasema wamemalizana. Sheria haiwapi uwezo wa kulimaliza, kwa sababu kosa ni dhidi ya Jamhuri, na mwendesha mashtaka anaweza kuendelea hata bila baraka zao. Anachohitaji ni taarifa iliyofika mapema: jina la aliyelipa nauli, namba ya simu iliyotumika kutuma fedha, siku mtoto alipowasili, na saa anazofanya kazi. Jirani, mwalimu au kondakta anaweza kuzitoa bure kwa kupiga 116, namba ya huduma kwa mtoto Tanzania na Kenya pia, au kwa kwenda kwenye dawati la jinsia na watoto katika kituo cha polisi.