Mpenzi Wako Yuko Maabara

Mwezi uliopita mdogo wangu, anayesoma uhandisi, alinipigia simu kanuna. Mhadhiri wake kamkaribisha kusaidia kwenye maabara ya roboti. Mchumba wake anamwambia huko ni kupoteza muda, asubiri kwanza digrii. Nikamwambia, "Hebu mpe simu shemeji."

Nikamsimulia habari za Cynthia Breazeal. Mwishoni mwa miaka ya 1990 dada huyu alikuwa bado mwanafunzi pale MIT, Marekani, chini ya Profesa Rodney Brooks. Akiwa mwanafunzi hivyo hivyo alitengeneza Kismet, kichwa cha roboti chenye macho makubwa, masikio na midomo. Ukikisifia kwa sauti ya upole kinachangamka, ukikifokea kinanywea. Udaktari wake aliupata mwaka 2000, baadaye akawa profesa hapo hapo.

Na si wanafunzi wa udaktari tu. Tangu 1969 MIT ina mpango uitwao UROP, ambao humpa mwanafunzi wa digrii ya kwanza nafasi ya kufanya utafiti na profesa. Wapo wanaolipwa, wapo ambao kazi hiyo huhesabiwa kwenye masomo yao. Ila mwanafunzi mwenyewe ndiye anayekwenda kupiga hodi. Huyu wetu kafunguliwa mlango hata kabla ya hodi!

Shemeji akanyamaza kidogo. Kisha akauliza, "Sasa dada, huko maabara wanatoka saa ngapi, nikamchukue?"

Wewe je, mwenzio akichelewa maabara, unanuna au unamwekea chakula?