Ekzosi ya pikipiki: Mlio mkubwa si nguvu ya kupandia milima ya Rungwe

KATIKA Kata ya Lupepo na maeneo mengine ya Wilaya ya Rungwe, pikipiki ndicho chombo kinachobeba ndizi, maziwa, parachichi na abiria katika njia za udongo ambazo magari hushindwa kupita, hasa wakati wa masika. Kwa kuwa chombo hicho ndicho ajira ya vijana wengi, si ajabu wamiliki wake kutafuta namna ya kukiongezea nguvu. Jambo la kwanza ambalo wengi hulifikiria ni kubadili ekzosi.

Wapo wanaonunua ekzosi mpya isiyotoka kwa mtengenezaji wa pikipiki. Wengine humtaka fundi akate au atoboe ile ya awali na kuondoa vizuizi vya ndani, ili chombo kingurume. Uamuzi huo ukifanywa kwa kufuata sikio peke yake, huweza kumaliza injini ambayo mwenye nayo bado anaidai fedha alizoinunulia.

Kazi ya ekzosi si kupunguza kelele tu. Kila valvu ya kutolea moshi inapofunguka, moshi wa moto hutoka kwa kishindo na kusafiri bombani kama wimbi. Bomba likiwa na urefu na upana unaoendana na injini, wimbi hilo huacha nyuma yake mvutano mdogo unaosaidia kutoa mabaki ya moshi na kuingiza hewa mpya. Hapo ndipo nguvu inapopatikana.

Kutokana na hali hiyo, si kweli kwamba bomba pana zaidi ni bora zaidi. Bomba likiwa pana mno kwa injini ndogo, mwendo wa moshi hupungua na mvutano huo hudhoofika, hasa injini inapozunguka taratibu. Pikipiki nyingi za biashara nchini, zikiwamo Boxer na TVS, zina injini za silinda moja zenye ukubwa wa kati ya sentimita za ujazo 100 na 150. Injini za aina hiyo hutegemea nguvu ya mzunguko wa chini kupandisha mzigo mlimani. Dereva aliyetoboa ekzosi anaweza kusikia mlio wa mashindano, kumbe kwenye mwinuko analazimika kurudi gia ya chini mapema kuliko zamani na kuchoma petroli zaidi.

Jambo la pili ni hewa. Mji wa Tukuyu uko takriban mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na katika kimo hicho uzito wa hewa hupungua kwa takriban asilimia 14. Kabureta ya kawaida iliyopangwa kwa ajili ya maeneo ya chini hutoa petroli nyingi kuliko hewa iliyopo, na plagi huwa nyeusi. Ekzosi inayopitisha moshi kwa urahisi mara nyingi huongeza hewa katika mchanganyiko huo, hivyo injini huweza kuonekana imechangamka.

Hatari hujitokeza pale pikipiki hiyo hiyo inapoteremka hadi Kyela, karibu na Ziwa Nyasa, ambalo liko chini ya mita 500 kutoka usawa wa bahari. Huko hewa ni nzito zaidi, petroli inakuwa haba katika mchanganyiko, na injini hupata joto kupita kiasi. Valvu huungua na pistoni huweza kuharibika. Kwa sababu hiyo, anayebadili ekzosi anapaswa kumtaka fundi arekebishe kabureta, ikibidi kwa kubadili jeti, kisha akague plagi baada ya safari. Plagi ya rangi ya kahawia ni dalili njema, nyeupe huashiria petroli kidogo, na nyeusi yenye masizi huashiria petroli nyingi.

Kuhusu kelele, kipimo cha desibeli hakipandi kama kilo za mizani. Ongezeko la desibeli 10 husikika na binadamu kama sauti iliyoongezeka maradufu. Wataalamu wa afya ya kazini wa Marekani hupendekeza mtu asikae katika kelele ya desibeli 85 kwa zaidi ya saa 8 kwa siku, na kila zinapoongezeka desibeli 3 muda huo upungue kwa nusu. Maana yake, katika desibeli 94 muda salama ni saa moja tu. Dereva wa bodaboda anayeshinda juu ya ekzosi iliyotobolewa ndiye wa kwanza kupoteza usikivu wake, na usikivu uliopotea kwa kelele haurudi.

Aidha, kelele hizo zina sheria yake. Chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, zilitungwa kanuni za viwango vya udhibiti wa kelele na mitetemo mwaka 2015.

Kwa mnunuzi, hatua ya kwanza ni kuhakikisha ekzosi imetengenezwa kwa aina na ukubwa wa injini yake, na kwamba ndani ina kizuia sauti kamili. Anayependa mlio mzito wa chini anaweza kuupata katika ekzosi yenye chemba kubwa ya kuzuia sauti, bila kutoboa chochote.

Hatua ya pili ni kuangalia chuma. Katika wilaya yenye mvua nyingi kama Rungwe, chuma cha kawaida hushika kutu mapema. Kutu hiyo huanzia ndani pia, kwa kuwa moshi una mvuke ambao hugeuka maji katika safari fupi. Chuma cha pua kina bei kubwa, lakini hudumu.

Hatua ya tatu ni kinga ya joto. Bomba lisilo na ngao huunguza miguu ya abiria, hasa watoto na kina mama waliovaa kanga. Mwisho, gasketi inayokutanisha bomba na injini ibadilishwe na nati zikazwe upya baada ya siku chache, kwani moshi unaovuja hapo huharibu mpangilio wote.

Hata hivyo, kwa pikipiki nyingi za mizigo, chujio safi la hewa, valvu zilizopangwa vizuri, mnyororo uliokazwa sawasawa na ekzosi ya awali isiyovuja huleta nafuu kubwa mlimani kuliko bomba jipya, na kwa gharama ndogo.