Mwanafalsafa Aliyechapwa kwa Skrini

Mwaka 1965 Eduardo Paolozzi, msanii wa Uskoti, alitoa As Is When, mfululizo wa picha 12 zilizochapwa kwa skrini, kila moja katika toleo la nakala 65. Picha hizo zinahusu maisha na fikra za Ludwig Wittgenstein, mwanafalsafa mzaliwa wa Vienna aliyefundisha Cambridge hadi akawa profesa huko. Mojawapo ya zinazojulikana sana ni Wittgenstein in New York. Ndani yake wamo watu wawili walioundwa kwa vipande, nusu binadamu nusu mtambo, wamezungukwa na rangi kali, jengo refu na bendera ya Marekani. Pana pia maandishi yaliyotolewa katika kumbukumbu za Norman Malcolm, mwanafunzi na rafiki wa Wittgenstein, kuhusu safari ya mwanafalsafa huyo kwenda Marekani mwaka 1949. Maneno hayo si maelezo ya picha. Yamepangwa kama umbo mojawapo, na jicho hulazimika kuamua lianze kusoma au kutazama.

Uchapaji wenyewe ndio ule ule wa fulana za kampeni na mabango ya mitaani. Kitambaa cha matundu madogo sana hukazwa kwenye fremu, na sehemu zisizotakiwa kupitisha wino huzibwa. Wino humiminwa upande mmoja, kisha husukumwa kwa raba hadi upande wa pili, ukapenya palipoachwa wazi na kuangukia karatasi iliyo chini. Kwa kawaida kila rangi huwa na skrini yake, na karatasi ikisogea kidogo tu, kazi imeharibika. Kwa fotografia, kitambaa hupakwa dawa inayokuwa ngumu ikipigwa na mwanga. Filamu ya picha huwekwa juu yake na taa kali huwashwa. Palipokingwa na weusi wa filamu, dawa hubaki laini na huoshwa kwa maji. Skrini haijali kilichopita ni mstari wa mkono, uso uliokatwa gazetini au herufi za matbaa. Vyote hutoka vikiwa wino wa namna moja, juu ya karatasi moja, bila alama za gundi wala kingo za mkasi.

Hilo lilimfaa Paolozzi kuliko wengi. Alizaliwa Leith, Edinburgh, mwaka 1924, kwa wazazi Waitalia wenye duka la aiskrimu. Italia ilipoingia vitani Juni 1940, yeye aliwekwa kizuizini. Baba yake na babu yake walikufa mwezi uliofuata, meli ya Arandora Star iliyokuwa ikiwasafirisha wafungwa ilipozamishwa na nyambizi ya Wajerumani. Baada ya vita alikata na kubandika kurasa za magazeti ya Kimarekani, na kolaji yake ya mwaka 1947, I was a Rich Man's Plaything, huhesabiwa miongoni mwa vitangulizi vya sanaa ya pop. Si ajabu basi kwamba mtu aliyefanywa mgeni katika nchi aliyozaliwa alivutwa na Wittgenstein, Mwaustria aliyeishi Uingereza.

Lakini kolaji haijichapi. Aliyezigeuza kolaji za Paolozzi kuwa skrini ni Chris Prater wa Kelpra Studio, London, karakana aliyoianzisha na mkewe Rose Kelly wakaunganisha majina yao mawili kuiita. Kwanza walichapa mabango na kazi za biashara. Prater alisifika kwa kukata stensili kwa kisu, kwa mkono, kwa usahihi wa kustaajabisha. Wakati huo wakosoaji wengi waliiona skrini kuwa kazi ya kibiashara tu, na mwaka 1964 kamati ya wachapaji wa Ufaransa ilikataa kuzihesabu chapa zilizotumia njia za fotografia kuwa kazi asilia. Kigezo hicho kilikuwa kibovu, kwani kilipima zana kikasahau fikra na mkono. Anayeitaja As Is When kwa jina la Paolozzi peke yake naye humpunja Prater.

Mwaka 1975 Rose na Chris Prater walilizawadia jumba la Tate la London akiba kubwa ya chapa za Kelpra, na mwaka 1980 jumba hilo likaandaa maonyesho ya kuuenzi mchango wao.