Amehitimu: Na Habari Zake Nyingine?

Mwana wa jamaa anapomaliza shahada ya uzamili au ya uzamivu, habari huenea mtaani kabla hajavua joho. Shangazi aliyeko Lamu hupigiwa simu, mjomba wa Malindi hujulishwa, na picha huzunguka katika simu za ukoo mzima. Kisha huulizwa swali moja: “Ameshapata kazi?” Jibu likipatikana, mazungumzo hufungwa. Miaka hupita, na yule aliyeko Uingereza, Malaysia au hata Nairobi hubaki kwetu kuwa jina lenye cheo mbele yake, basi.

Vyuo vikuu vingi vya ng’ambo vina desturi inayofaa kutazamwa. Hutoa jarida la wahitimu, na ndani yake huwamo kurasa zilizopangwa kwa mwaka wa kuhitimu. Mmoja huarifu kwamba amehamia kazi mpya, mwengine kwamba amechapisha kitabu, wa tatu kwamba amefunga ndoa au amejaaliwa mtoto. Na waliofariki hutajwa pia. Habari za kazi na za nyumbani huwekwa pamoja, kwa kuwa mwenye kuzipata ni mtu mmoja.

Sisi wa pwani tunaye mhitimu aliyelielewa jambo hili vyema. Naye ni marehemu Profesa Ali Mazrui, aliyezaliwa Mombasa mwaka 1933, mwana wa Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, aliyekuwa Kadhi Mkuu wa Kenya. Tukiziandika habari zake kwa mtindo wa majarida hayo, zitasomeka hivi: shahada ya kwanza, Manchester, 1960, uzamili, Columbia, New York, 1961, uzamivu, Oxford, 1966. Profesa wa Makerere, kisha Michigan, kisha Binghamton. Mwandishi na msimulizi wa mfululizo wa televisheni, The Africans, 1986. Chansela wa Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta cha Kilimo na Teknolojia.

Orodha hiyo ni ya kweli, lakini imeyaficha yenye faida zaidi kwa kijana wa leo. Ali Mazrui alipofanya mtihani wa cheti cha Cambridge, alipata daraja la tatu. Makerere haikumpokea. Kabla ya hapo alikuwa amefiwa na baba. Akafanya kazi ya ukarani katika taasisi ya elimu ya Waislamu ya Mombasa, na hotuba aliyoitoa katika Maulidi mbele ya Gavana Philip Mitchell ikasaidia kumfungulia njia ya kwenda kusoma Uingereza. Kufikia mwaka 1965 alikuwa profesa katika Makerere ile ile iliyomkataa. Wahenga walisema kweli: kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi.

Wala mambo hayakumnyookea tangu hapo. Utawala wa Idi Amin ulimlazimu kuondoka Uganda katika miaka ya 1970, akaishi na kufundisha Marekani kwa muda mrefu uliobaki wa maisha yake. Umbali huo ungaliweza kumkata na watu wake. Alikuwa na dawa yake: kila mwaka aliandika waraka mrefu na kuutuma kwa jamaa na marafiki waliotawanyika duniani. Humo alieleza safari alizofanya, mihadhara aliyotoa na maandishi aliyokuwa nayo mkononi. Na humo humo alieleza ya watoto na jamaa zake. Msomaji wa waraka ule alimjua profesa, akamjua na mzazi. Alipofariki Marekani mwezi wa Oktoba 2014, alirejeshwa Mombasa, akazikwa katika makaburi ya wazee wake karibu na Ngome ya Yesu. Hakurudi kama mgeni.

Ndipo tunapowaomba wana wetu walioko masomoni na makazini: andikeni nyumbani, wala msingoje ushindi ndipo muandike. Aliyebadilisha somo, aliyekatika njiani kwa kukosa karo, aliyehitimu na bado anatafuta kazi, binti aliyesimamisha utafiti wake ili alee mtoto mchanga, hao wote wana habari, nasi tunazitaka. Anayenyamaza kwa kuona haya hujinyima dua na msaada wa watu wake, na huenda aliye na fununu ya kazi au ya ufadhili akawa jirani yake mwenyewe.

Na sisi tuliobaki nyumbani tunalo letu la kurekebisha. Kijana hawezi kusema ukweli ikiwa tunamuuliza cheo na mshahara tu. Tumuulize anaishi na nani, ana afya gani, anakula nini, rafiki zake ni kina nani. Tumpe na zetu pia: nani ameoza, nani amelazwa, nani ametangulia mbele ya haki. Na mzazi ambaye mwanawe amepata alama za chini mwaka huu asimtangazie kwamba mlango umefungwa, maana karani wa jana aliwahi kuwa profesa.

Wasomaji wetu wenye habari za waliosoma, ziwe za kazi au za nyumbani, tuleteeni. Tutazipokea zote kwa furaha.