Ziara ya Watoto Mji Mkongwe: Tuwaoneshe Yote

Shule nyingi za msingi huwapeleka wanafunzi wao kuuzuru Mji Mkongwe wa Zanzibar, ulioingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2000. Mzazi hutoa nauli, humfungia mtoto chakula, na jioni humuuliza swali moja tu: "Umefurahi?" Swali hilo halitoshi.

Pale Forodhani mtoto huiona Ngome Kongwe, iliyojengwa mwishoni mwa karne ya 17 baada ya Wareno kuondolewa. Jirani yake ni Beit al-Ajaib, jumba alilolijenga Sayyid Barghash bin Said mwaka 1883. Tarehe 25 Disemba 2020 sehemu ya jumba hilo iliporomoka, na watu wawili wakafariki dunia. Hapo mtoto hufahamu kwa macho yake kwamba jiwe na chokaa navyo huchoka, na kwamba urithi unahitaji watunzaji.

Kisha msafara hufika Mkunazini, na hapo ndipo sisi watu wazima hupenda kupunguza sauti. Mahali hapo palikuwa na soko la watumwa hadi Juni 1873, Sayyid Barghash huyo huyo alipotia saini mkataba wa kulifunga, akishinikizwa na Waingereza. Leo pana kanisa kuu la Anglikana, na nje yake, ndani ya shimo, sanamu za watu waliofungwa minyororo shingoni. Utumwa wenyewe haukufutwa kisheria Zanzibar hadi mwaka 1897.

Mtoto atauliza: "Nani aliyewauza?" Jawabu la haki ni kwamba biashara hiyo ilishirikisha watu wa mataifa na dini mbalimbali, na Waislamu walikuwemo, wakiwemo wenye mashamba ya karafuu ya Unguja na Pemba. Wapo wanaohofu kwamba jawabu hilo litamtia mtoto unyonge katika dini yake. Lakini dini iliyofanya kumwacha huru mtumwa kuwa ibada na kafara haihitaji kufichiwa makosa ya wafuasi wake. Atakayemtia mtoto shaka ni yule aliyemficha, siku atakapoyasikia kwa wengine.

Basi, wazazi wenzangu, mtoto akirejea kutoka ziarani, baada ya Maghribi tukae naye. Tumuulize ameona nini, nani alikijenga, na kwa jasho la nani. Naye akituuliza, tumjibu kweli.